Barua ya wazi kutoka Busia: Mwenye huruma asiwe ndiye anayekula hasara

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Biashara, Viwanda na Ushirika,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Kwa wakuu wa Shirika la Viwango la Taifa na wa mamlaka inayosimamia wakopeshaji,
Kwa Waheshimiwa Wabunge, hasa ninyi wa wilaya za mpakani,

Salaam nyingi kutoka Busia.

Mimi ni mama muuza nafaka. Nimekaa sokoni hapa miaka 19, upande wetu wa Uganda, si mbali na geti la mpaka. Nauza mahindi, maharagwe, mtama na karanga, kwa gunia na kwa kopo. Asubuhi mteja wangu ni Msamia, mchana ni Mteso, jioni ni dereva wa lori kutoka Mombasa, na wote tunapatana bei kwa Kiswahili. Ndiyo maana nawaandikia kwa lugha hii, ambayo Katiba yetu, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Nataka tuzungumze juu ya huruma katika biashara. Najua neno hili likifika ofisini linasikika kama neno la kanisani au msikitini, jambo la mtu na Mungu wake. Kwangu mimi ni jambo la kopo na mizani, la kila siku, na lina hesabu zake. Naomba mnivumilie niwaonyeshe hesabu hizo.

Mteja akinunua kopo la maharagwe, nikishammiminia kwenye mfuko, haondoki. Anasimama. Kule Kampala humwambia muuzaji "nyongerako". Sisi hapa tunasema "ongeza kidogo, mama". Nachota kiganja kimoja, namwagia juu, ndipo anafunga mfuko wake. Kiganja kile hakimo kwenye bei. Nilipoanza biashara nilikuwa nakihesabu, nikaona viganja vya kutwa nzima vinafika kopo moja na nusu. Nikamwendea mama aliyenifundisha kazi, ambaye sasa ni marehemu, nikamwambia nyongeza inatuibia. Akaniambia, "Kesho usihesabu. Tazama." Kesho yake nikatazama. Dereva alipata kiganja kimoja. Mwalimu alipata kimoja. Mjane mmoja anayelea wajukuu alipata viwili, kisha cha tatu akatiliwa wakati anageuka kuondoka, bila kuomba. Mama yule alikuwa anapima kila aliyesimama mbele yake kwa jicho, na hakukosea hata mara moja.

Kwa hiyo sijaja kuwalilia kwamba huruma imekufa sokoni. Ipo, naiona kila siku. Ninalotaka mlisikie ni hili: mambo yamepangwa, au yameachwa bila kupangwa, kiasi kwamba anayemhurumia mwenzake ndiye anayekula hasara, na asiyemjali mtu ndiye anayeongeza chumba cha pili dukani. Mtu anaweza kubeba hasara hiyo mwaka mmoja, hata miwili. Mwaka wa tatu ana watoto wa kulipia karo, naye anafanya kama wanavyofanya wengine.

Nianze na mahindi.

Mavuno ya msimu wa kwanza, mwezi wa saba na wa nane, mara nyingi hukutana na mvua. Mkulima anahitaji pesa, hana turubai, anaanika chini kwenye udongo au ukingoni mwa lami, jioni anakusanya yakiwa bado yana maji. Mahindi ya namna hiyo yakikaa kwenye gunia yanapata joto, yanaota kuvu, na kuvu fulani huacha sumu tunayoiita sumukuvu. Sumu hiyo haina ladha. Huwezi kuiona kwa macho. Ukipika haitoki. Hushambulia ini, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka anaweza kupata saratani ya ini bila kujua ilianzia kwenye sahani gani. Mwaka 2004 wenzetu wa Kenya, hasa huko Makueni na Kitui, walikula mahindi yenye sumu hiyo kwa wingi, na watu 125 walikufa. Hawakufa kwa njaa, Waheshimiwa. Walikufa wakiwa wameshiba.

Kinga yake inajulikana na si ngumu. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, yasiguse udongo, mabovu yachambuliwe na kutolewa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinasema sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Haya yote mnayajua, yameandikwa.

Sasa njooni kwenye mizani yangu. Nanunua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18. Nikiwa mtu mwenye kumfikiria atakayekula, nalimwaga kwenye turubai, nalipa kijana wa kuligeuza, naliangalia mvua lisinyeshewe, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13. Nikilirudisha kwenye mizani napata kilo 94 na kidogo. Karibu kilo 6 zilikuwa maji, zimekwenda angani. Mahindi yakiwa shilingi 1,000 kwa kilo, nimepoteza karibu shilingi 6,000 kwa gunia, bado sijahesabu kijana wala turubai. Mwenzangu wa kibanda cha pili hakuanika. Anauza gunia lake na maji yake. Mnunuzi mkubwa anafika na lori, anapima langu, anapima lake, anatulipa bei moja kwa kilo. Mizani haijui kitu kingine zaidi ya uzito.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini walikuwa wakizungumzia kitu ambacho jicho linakiona.

Hapa lazima niseme langu, maana siwezi kuwaandikia kana kwamba mimi nimesimama pembeni. Mwaka mmoja, msimu wa mvua nyingi, nilikuwa na magunia manne yaliyoanza kunuka. Nilikuwa nadaiwa. Nikayafungua usiku pamoja na msichana aliyekuwa akinisaidia, tukayachanganya na magunia mengine kumi mazuri, tukayashona upya. Asubuhi akaja mtu anayepeleka chakula shuleni, akachukua yote. Alinishukuru kwa bei. Nilipata pesa, nikalipa deni, na kwa wiki nzima kila nilipoona watoto wa shule wamevaa sare wakipita mbele ya kibanda nilikuwa nainamia kazi nisiwatazame. Posho, yaani ugali wa mahindi, ndiyo chakula cha shule zetu, mchana posho na maharagwe, siku tano kwa wiki, muhula baada ya muhula. Tangu siku ile sijachanganya tena. Lakini nawaambia ukweli: tangu siku ile pia nimekuwa mdogo sokoni kuliko wale wanaochanganya, na watoto wangu wamelipa bei ya uamuzi huo pamoja nami.

Mwanzoni mwa Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Mnakumbuka foleni ile. Malori yalisimama hapa barabarani, madereva wakalala chini ya trela zao, na bei kwetu ikaanguka siku hiyohiyo. Baada ya siku chache wakafungua kwa masharti, kwamba mwagizaji aandikishwe na mzigo uje na cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya 10 kwa bilioni. Katika siku zile aliyeanika na asiyeanika walifungiwa geti pamoja. Redioni nilisikia mengi juu ya soko tulilopoteza, nami soko hilo ndilo ugali wangu, sidharau. Lakini nilisubiri pia mtu aulize: mahindi haya yanayogeuzwa, yanakwenda kuliwa na nani? Maana lori likigeuza halimwagi mzigo mtoni. Mzigo unarudi nyumbani, unasagwa, unapikwa. Mkenya alilindwa na serikali yake dhidi ya gunia lile. Mtoto wa Tororo analindwa na nani?

Ninachoomba hapa ni kidogo na kinafanyika. Pelekeni kipima unyevu katika kila soko la nafaka, kikae kwa msimamizi wa soko, mtu apime bure. Ni kifaa cha kushikwa mkononi, kinatoa jibu mteja akiwa amesimama. Wekeni mahali pa kukaushia, hata sakafu ya saruji yenye paa, ambapo mkulima atalipa kidogo kwa gunia. Na la kubwa kuliko yote: serikali yenyewe ni mnunuzi. Magereza mnayalisha, kambi za jeshi mnazilisha, shule zenu za bweni zinakula posho kila siku. Ninyi ambao mnanunua kwa pesa ya umma muwe wa kwanza kulipa bei mbili, bei ya mahindi makavu na bei ya mahindi yenye maji, na yaliyozidi sumu msiyanunue kabisa. Siku mtakapofanya hivyo, kilo 6 nilizoanika zitarudi mfukoni mwangu kwa njia ya bei. Mwenzangu wa kibanda cha pili atanunua turubai wiki ileile, wala hatahitaji semina.

Jambo la pili ni deni, na hapa moyo wangu unauma zaidi.

Nina daftari. Kila muuzaji mdogo analo, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Langu ni la shule, la kurasa 96, limefunikwa gazeti. Humo watu wameandikwa kama tunavyowajua: mama pacha, mzee wa mikeka, fundi baiskeli. Mmoja ameandikwa "baiskeli ya mikono". Huyu ni mmoja wa wale ndugu zetu wenye ulemavu wa miguu ambao huvusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu, anazungusha pedali kwa mikono, magunia yamefungwa nyuma. Busia bila wao si Busia. Mwezi wa tatu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipokuja, mpaka ulifungwa kwa watu na kuachwa wazi kwa malori ya mizigo. Lori lilipita. Yeye hakupita. Alikuwa ananidai urafiki wa miaka mingi, nami nilikuwa namdai shilingi 70,000 za maharagwe.

Nilipiga mstari chini ya jina lake, nikafunga daftari. Sikumfutia. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima yake, na kumfutia bila kumuuliza kungekuwa kumdharau. Mpaka ulipofunguliwa tena kwa watu alikuja mwenyewe, akasema, "Mama, tufanye kwa safari." Kila mzigo wangu aliovusha tulikata shilingi 2,000. Safari 35. Ya mwisho alivusha karanga, akadai tuandike "imekwisha" mbele yake kwa kalamu nyekundu.

Si wote walikuwa hivyo. Ukurasa wa mbele yake kuna mwanamke aliyechukua karibu mara mbili ya deni hilo, akahama bila kuaga, na nimemwona mara moja tu ng'ambo, akageuza uso. Namtaja ili msidhani nawaandikia nikiwa sijui kudhulumiwa. Anayekopesha lazima aumie mara nyingine, na dawa ya deni ni kulipa, nakubali kwa moyo wote. Siombi madeni yafutwe. Naomba mdaiwa abaki mtu wakati anadaiwa.

Mtaani kwetu kuna ofisi ya mkopeshaji. Chumba kimoja, meza, kalenda ukutani, benchi la kusubiria. Nyuma ya meza ipo droo, na nimeiona ikifunguliwa nilipomsindikiza jirani yangu. Ndani kuna vitambulisho vya taifa, vile tunavyoviita ndaga muntu, vimepangwa kama karata na kufungwa kwa mipira ya kufungia noti, furushi baada ya furushi. Nyuso za watu zinatazama juu. Wengine niliwatambua.

Jirani yangu ni bibi aliyepita miaka 80. Mjukuu wake ni wa bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa hapahapa mpakani, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Pikipiki yake iliharibika injini, akakopa shilingi 300,000. Akaambiwa kitambulisho chake hakitoshi, alete na cha mtu mzima wa nyumbani. Akaleta cha bibi. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi, yaani shilingi 60,000. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, bibi akaweka kidole. Kijana amelipa riba miezi 7, jumla shilingi 420,000, na zile 300,000 za kwanza bado zimesimama vilevile, hazijapungua hata shilingi moja.

Serikali yetu, nami naishukuru kwa hilo, huwapa wazee waliofikisha miaka 80 shilingi 25,000 kwa mwezi. Ili uzipate uonyeshe kitambulisho. Mara mbili bibi amepakiwa kwenye pikipiki mpaka kituo cha malipo, mara mbili amerudi mikono mitupu, kwa sababu uso wake umo kwenye droo ile. Nilipokwenda naye kwa mkopeshaji kumwomba amwazime kitambulisho kwa siku moja tu, yule bwana hakukasirika. Alizungumza kwa upole. Alisema, "Mama, nikimpa huyu, kesho watakuja kumi." Kwa hesabu yake alikuwa anasema kweli. Akihurumia watu yeye peke yake, biashara yake inaanguka, na mkopeshaji wa mtaa wa pili anachukua wateja wake.

Hapo ndipo ninyi mnapohitajika, Waheshimiwa, maana hilo huruma ya mtu mmoja haiwezi kulitatua. Na sheria mnayo tayari. Sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji inamkataza mkopeshaji kushika kitambulisho cha taifa au pasipoti ya mtu kuwa dhamana. Mwishoni mwa mwaka 2024 Wizara ya Fedha ikatangaza ukomo wa riba kwa wakopeshaji, asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa mkopo wa kijana yule, asilimia 2.8 ni shilingi 8,400 kwa mwezi. Yeye analipa 60,000. Hebu ziandikeni tarakimu hizo mbili kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, mzitazame kama ninavyozitazama mimi.

Sheria hizo hazijafika kwenye benchi la kusubiria. Zifikisheni. Zisomwe redioni kwa Lusamia, Kiteso, Luganda na Kiswahili, saa ya jioni ambapo watu wamerudi nyumbani, mara nyingi, mpaka watoto wazikariri. Toeni tarehe moja nchi nzima ambayo mkopeshaji yeyote arudishe vitambulisho alivyoshika, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kila kijiji awe shahidi wa kuvipokea na kuvigawa, kwa sababu yeye anazijua nyuso zile. Karatasi ya mkopo iandikwe kwa lugha anayoisoma mkopaji, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu wake kabla ya kuweka kidole, kiasi anachochukua, kiasi atakachorudisha, na siku ya mwisho. Na kabla ya mtu kunyang'anywa pikipiki, kitanda au shamba, mkopeshaji alazimike kukaa naye mara moja amsikilize. Mara moja tu, mbele ya LC. Kuna aliyefiwa. Kuna aliyelazwa. Mkopeshaji mwema hufanya hivyo sasa hivi kwa hiari yake. Ikiwa sharti kwa wote, hatakuwa tena mjinga wa mtaa.

Nikiwa bado na nafasi niseme na sisi wanunuzi pia, maana tumezoea kuambiwa mteja ni mfalme na tumeamini. Nilisafiri kwenda Kampala kwa basi, tukasimama Namawojjolo, mnapajua, kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Vijana wakaja madirishani na vijiti vyao juu. Mtu aliyekaa mbele yangu alichukua kuku, akaanza kubishana bei huku anakula, akachelewesha noti mkononi mpaka basi likaanza kutembea. Kijana alikimbia pamoja nasi. Alikimbia mbali, amevaa lile vazi lao la kazi, ameshika karatasi ya kufungia kwa mkono mmoja na kugonga bati la basi kwa mwingine. Noti haikutoka. Nilimpigia dereva kelele asimame, hakusimama, na abiria wengine wakacheka kama wanaona mchezo. Mtu yule tulipofika Kampala aliingia duka kubwa karibu na kituo, akatoka na mfuko, na nina hakika humo ndani alilipa kila kitu kwa bei iliyobandikwa. Sina sheria ya kuwaomba juu yake. Lakini ninyi mna sauti, na mnapozungumza na wananchi juu ya uchumi huwa mnazungumza na wauzaji na walipa kodi. Zungumzeni na mnunuzi pia. Wauza vyakula wa masoko ya Kampala mwaka 2020 waliambiwa walale sokoni ili mji upate kula, na wakalala, kando ya nyanya zao, chini ya vyandarua. Mji ulikula. Wanunuzi wanapaswa kukumbushwa hilo.

La mpakani nalitaja kwa kifupi, wengine wameliandika vizuri kuliko mimi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa sisi wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni bidhaa za nchi zetu zilizomo kwenye orodha, unavuka kwa cheti chepesi bila ushuru wa forodha. Akina mama wengi hawajui, kwa hiyo wanapita njia za panya usiku na kunyang'anywa mizigo na watu wasiojulikana. Bandikeni utaratibu huo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pale mama anapopita na kikapu kichwani, nje kwenye jua, kwa sababu ndani ya jengo haingii. Na wale wa baiskeli za mikono wapeni njia yao kwa maandishi. Kuna maofisa ambao huwaachia wapite mbele ya foleni kwa utu wao tu, Mungu awabariki, lakini afisa akihamishwa utu wake unahama naye, na mpya anaanza kuuliza kwa nini.

Natamani mmoja wenu aje. Asije na msafara, maana tukiona msafara tunafagia na kuficha. Aje siku ya soko, mwezi wa nane, asimame karibu na mizani yangu saa moja, aone magunia yanavyopimwa. Kisha tutembee pamoja mpaka kwa jirani yangu. Bibi anakaa nje ya mlango asubuhi, anaota jua, ni mcheshi, atawapa kiti kabla hamjasalimia.

Kitambulisho chake mpaka leo ninapoandika kimo kwenye droo ile, furushi la pili kutoka kushoto. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi. Afisa wenu akija na nakala ya sheria mkononi, mimi nitafunga kibanda nimpeleke mpaka mlangoni.

Wenu mwananchi,
Mama muuza nafaka,
Busia, Uganda